GATA1

GATA1 ni jeni iliyo katika kromosomu X, ambayo protini yake hushika vipande vya DNA vyenye herufi GATA na kuziwasha jeni zinazoiwezesha seli changa ya uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa, kukomaa na kuwa chembe nyekundu ya damu. Maabara ya Stuart Orkin huko Boston, Marekani, iliitenga mwaka 1989, na panya aliyekoseshwa jeni hii hufa akiwa bado kijusi kwa upungufu wa damu.

Uzito wa ugunduzi huo kwa Afrika ulidhihirika mwaka 1995, watafiti wa Ufaransa walipoonyesha kwamba watu wasio na protini ya Duffy kwenye chembe nyekundu wamebadilikiwa na herufi moja tu, T ikawa C, mahali ambapo GATA1 ingeshika. Kwa hiyo jeni ya Duffy hubaki kimya katika chembe hizo, ingawa hufanya kazi kama kawaida katika kuta za mishipa. Hali hiyo wanayo wakazi wengi mno wa Maziwa Makuu, wa wilaya ya Rusizi nchini Rwanda wakiwemo, na ndiyo sababu kuu ya *Plasmodium vivax*, kimelea cha malaria kinachotegemea Duffy kuingia katika chembe, kuwa adimu kwao. Kinga hiyo, hata hivyo, si kamili, na haiizuii *Plasmodium falciparum*, ambayo hupita njia nyingine na ndiyo inayosababisha malaria nyingi katika bonde la mpunga la Bugarama, huko Rusizi.