Watoto wa Mulago na Historia ya Saratani Tusiyoifundisha

Kila inapotangazwa tiba mpya ya saratani, vyombo vyetu vya habari hutaja London, Boston au Heidelberg, nasi huzipokea habari hizo kama watu wanaosikiliza ngoma ya kijiji cha jirani. Wanafunzi wangu wengi huamini kwamba historia ya utafiti wa saratani ni ya watu wengine, na kwamba Waafrika tumeingia humo mwishoni, tena kama wagonjwa. Imani hiyo haina ukweli, na madhara yake ni ya kisiasa. Taifa linaloamini kuwa sayansi ni mali ya wengine halioni aibu kutoitengea fedha. Nitajenga hoja yangu kwa mfano mmoja, wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala.

Mwaka 1957, Dkt. Hugh Trowell alimwomba mwenzake Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946, amwangalie mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakujua ni ugonjwa gani. Haukupita muda mrefu, akamwona mtoto mwingine wa namna hiyo hospitalini Jinja, akaanza kupekua majalada ya zamani. Hapa pana jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka: majalada hayo yalikuwapo. Mulago ilikuwa na wataalamu wa patholojia, na tangu mwaka 1951 Kampala ilikuwa na rejista ya saratani. Uvimbe uliokuwa ukiandikwa kwa majina mbalimbali, kana kwamba ni magonjwa mbalimbali, ukaonekana kuwa ugonjwa mmoja. Burkitt aliuchapishia makala mwaka 1958, na leo dunia inauita limfoma ya Burkitt.

Swali lililofuata lilikuwa la kijiografia: ugonjwa huu unapatikana wapi, na kwa nini huko? Kwa ruzuku ya pauni 25 tu, Burkitt alichapisha vipeperushi vyenye picha na kuvituma katika hospitali za bara zima. Kisha, mwishoni mwa mwaka 1961, yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakipita Tanganyika iliyokuwa ikijiandaa kupandisha bendera yake. Walitembea takribani kilomita 16,000 kwa wiki kumi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ilionekana kwamba ugonjwa unapatikana katika maeneo ya joto na mvua, na unakosekana katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana mno na ramani ya malaria. Tunawakumbuka madaktari watatu waliokuwa ndani ya gari, lakini kila nukta katika ramani yao ilitokana na mzazi aliyembeba mwanawe hadi hospitali na mhudumu aliyeandika alichokiona.

Mwezi Machi mwaka huohuo wa 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyehisi kwamba huenda kuna kirusi nyuma ya ugonjwa huo. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong mzaliwa wa Trinidad, walitangaza kwamba wameona kirusi kipya ndani ya seli hizo kwa hadubini ya elektroni. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Fuatilia sasa mnyororo huo unavyoendelea. Mwaka 1970 Mjerumani Harald zur Hausen alionyesha kwamba vinasaba vya kirusi hicho vimo ndani ya seli za limfoma ya Burkitt. Ikiwa kirusi kinaweza kujificha hivyo katika uvimbe mmoja, alijiuliza, je, saratani ya mlango wa kizazi? Mwaka 1983 alitangaza kuwa amekipata kirusi cha papiloma katika saratani hiyo. Chanjo ikaidhinishwa mwaka 2006, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kwa upande mwingine, mwaka 1982 uchunguzi wa kromosomu za limfoma ya Burkitt ulionyesha jinsi jeni ya kawaida inavyohamishwa mahali pake na kugeuka kichocheo cha saratani, jambo ambalo leo ni msingi wa elimu ya fani hii. Seli zilizotolewa kwa mvulana wa Nigeria mwaka 1963 bado zinazaliana na kuuzwa kwa maabara duniani kote. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika historia hii, mara nyingi mwenyeji alitoa dawa na mgeni ndiye aliyepona.

Hata tiba yenyewe ina mizizi Mulago. Uganda haikuwa na mashine ya mionzi, na upasuaji wa taya ulishindwa kuuzuia ugonjwa. Burkitt akajaribu dawa, akaona uvimbe ukiyeyuka ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Mwaka 1967, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kilifunguliwa Mulago kituo cha tiba ya limfoma, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Mmarekani John Ziegler. Huu ndio mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wakati ambapo saratani nyingi zilihesabiwa kuwa hukumu ya kifo, matokeo ya kituo hicho yalisaidia kuthibitisha kwamba dawa peke yake zinaweza kuponya. Mwaka 1972 Ziegler alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker, moja ya tuzo kubwa za tiba nchini Marekani.

Hapo siasa ikaingia. Idi Amin alikwisha kutwaa madaraka mwaka 1971, na muda mfupi baadaye Wamarekani wakaondoka. Kituo kingeweza kufungwa. Hakikufungwa, kwa sababu Mganda, Dkt. Charles Olweny, alikwisha kuandaliwa, naye akashika uongozi na kuendelea kutibu na kuchapisha katika miaka ambayo wasomi wengi walikuwa wakikimbia au kuuawa. Dawa zilipungua, majengo yakachakaa, lakini taasisi haikufa. Watoto waliotibiwa miaka hiyo walinusurika kwa sababu kulikuwa na mwenyeji aliyefunzwa, mwenye cheo na wajibu wa kubaki.

Hata hivyo, mtu mmoja mwenye moyo si mbadala wa bajeti. Mwezi Aprili 2016, mashine pekee ya mionzi nchini Uganda, iliyonunuliwa mwaka 1995, iliharibika isitengenezeke. Nchi iliyoifundisha dunia kutibu limfoma ilikaa karibu miaka miwili bila mionzi, baadhi ya wagonjwa wakipelekwa Nairobi. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye limfoma ya Burkitt hupona. Kwetu, katika hospitali nyingi, wanaopona ni nusu au pungufu ya hapo. Ugonjwa ni uleule, na dawa za msingi ni za miongo mingi. Tofauti inaletwa na kuchelewa kugunduliwa, dawa kukosekana katikati ya tiba, na mzazi kuishiwa nauli.

Ushahidi kwamba tunaweza si wa zamani tu. Utafiti uliofanywa Mwanza kwa ushiriki wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu uliwahusisha wasichana 930. Mwingine nchini Kenya, ambao Dkt. Nelly Mugo alikuwa mmoja wa viongozi wake, uliwahusisha wasichana na wanawake vijana 2,275. Matokeo ya tafiti zote mbili yalichapishwa mwaka 2022, na yakasaidia kuonyesha kwamba dozi moja ya chanjo ya kirusi cha papiloma inaweza kutosha. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilikubali matumizi ya dozi moja, na Tanzania ikahamia huko mwaka 2024. Tumeifundisha dunia tena. Lakini sehemu kubwa ya fedha za tafiti hizo ilitoka nje, na mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipokata ghafla misaada yake ya afya na utafiti, tulikumbushwa yaliyoikuta Mulago zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Cha kuazima hakisitiri maungo.

Nina mambo matatu ya kusema. Kwa watumishi wa umma: mwaka 2006 mjini Khartoum viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Anayeandaa bajeti aulizwe ahadi hiyo imefikia wapi, naye ajue kwamba rejista ya saratani na mkataba wa matengenezo ya mashine si anasa. Bila rejista, Burkitt asingepata cha kupekua. Kwa wanaharakati: msiishie kudai jengo na utepe wa kukatwa, daini dawa zisizokatika na nauli ya mzazi anayetoka mbali. Daini pia kwamba sampuli za wagonjwa wetu zikisafirishwa, mikataba iwe wazi na watafiti wetu wawe washirika kamili.

Kwa wanafunzi, hasa wanaodhani historia haina kazi hospitalini: someni majalada. Ndani yake mtawakuta watoto wa Mulago, ambao wengi hawana hata jina katika vitabu, lakini bila wao elimu ya saratani tuliyo nayo leo ingechelewa. Deni lao halitalipwa kwa mnara wa kumbukumbu. Litalipwa siku mtoto wa Lira au Geita aliyevimba taya atakapokuwa na nafasi ya kupona sawa na mtoto wa London.