Chunusi, Mtindi na Asidi: Historia Fupi Kabla Hujafungua Chupa



Wiki mbili kabla ya harusi yake, binti wa mama yangu mdogo alipaka usoni asidi ya glikoliki ya asilimia 30 aliyoiagiza mtandaoni. Chunusi zake zilikuwa za kawaida tu, za mashavuni, akataka ziondoke kabla ya kuanza kusingwa. Alipaka usiku, hakuiosha, akalala nayo. Asubuhi uso unawaka moto, siku ya tatu ngozi inabanduka, na siku ya harusi palipokuwa na chunusi pana madoa meusi. Yalichukua miezi kufifia. Tangu hapo nimekuwa nikisoma asidi hii ilikotoka, na naona historia yake yenyewe ingetosha kumwonya.

Tuanzie nyumbani. Bibi yangu alikuwa akitupaka mtindi usoni, tukae nao kidogo kisha tunawe. Hakujua kemia, lakini ndani ya mtindi mna asidi ya laktiki. Carl Wilhelm Scheele, mkemia aliyeishi Sweden, ndiye aliyeitenga kutoka katika maziwa yaliyochacha, mwaka 1780. Asidi ya glikoliki ni nduguye wa karibu. Hupatikana kwenye miwa, ingawa ile ya chupani kwa kawaida hutengenezwa kiwandani. Jina lake lilitolewa na Mfaransa Auguste Laurent mwaka 1848, kabla hata haijaonekana. Mwaka 1851 Adolph Strecker na Nikolai Socoloff wakaipata maabara. Hao walikuwa wanatafuta elimu ya kemia, hawakuwa na habari na chunusi za mtu.

Aliyeipeleka kwenye ngozi ni daktari Eugene Van Scott na mwenzake Ruey Yu, huko Philadelphia, Marekani. Mwaka 1974 walichapisha utafiti wao kuhusu wagonjwa wa ikthiosisi, maradhi yanayofanya ngozi ikauke na kupandana kama magamba ya samaki. Waliwapaka asidi za jamii hii, na magamba yakalegea na kutoka. Ona basi, shoga yangu: dawa hii ilianza kwa watu waliokuwa wanateseka na ngozi zao. Haikuanza kwa kutafuta weupe.

Inavyofanya kazi ni hivi. Juu ya ngozi kuna seli zilizokufa, zimeshikana kama vigae vya paa. Asidi hulegeza kile kinachozishikanisha, zikatoka kwa urahisi. Chunusi nazo huanza pale seli hizo zinapochanganyika na mafuta na kuziba kitundu cha ngozi. Kitundu kikizibuka, chunusi hupungua. Chembe za glikoliki ndizo ndogo kuliko zote katika jamii yake, hivyo huingia haraka. Hapo ndipo faida yake ilipo, na hatari yake pia.

Miaka ya 1990 asidi hizi zilijaa katika krimu za madukani Marekani, na malalamiko yakafuata: kuwashwa, wekundu, kuungua. Mwishoni mwa miaka hiyo jopo la wataalamu lilipima ushahidi likaweka mipaka. Bidhaa ya kutumia nyumbani isizidi asilimia 10, na ukali wake usishuke chini ya pH 3.5. Hiyo ya asilimia 30 iliachiwa wenye ujuzi, ipakwe kwa muda mfupi kisha ioshwe vizuri. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ikashauri chupa ziandikwe onyo la jua, kwa sababu ngozi iliyopakwa asidi huungua upesi. Mtumiaji ajikinge na jua anapoitumia na wiki moja baada ya kuacha.

Sasa tujitazame sisi. Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde ikichomwa au ikikwaruzwa hujibu kwa kutoa rangi zaidi. Ndiyo maana biharusi wetu aliondoa chunusi akavuna madoa. Na ndimu usoni usithubutu: ukali wake hauna kipimo, na ikikutana na jua inaunguza.

Ukitaka kujaribu nyumbani, anza na asilimia 5, usivuke 10. Kwanza paka kidogo chini ya taya, usubiri siku mbili. Kisha tumia usiku mmoja au miwili kwa wiki, na usiku huo usichanganye na dawa nyingine kali. Ipe wiki kadhaa. Mchana paka losheni ya kukinga jua, na kumbuka jambo ambalo vitabu vya wenzetu hawaliandiki: udhu wa Adhuhuri unaiosha yote, na jua bado kali. Ukishasali, paka tena. Kama chunusi ni kubwa, zina usaha au zinaacha makovu, nenda kwa daktari wa ngozi. Mjamzito naye amuulize daktari kwanza.

Mwili huu ni amana, na kujitibu ni jambo tulilofundishwa. Lakini kutibu chunusi ni kitu kimoja na kuikimbia rangi uliyoumbwa nayo ni kitu kingine. Wengi huanza na chunusi wakaishia kwenye mkorogo wenye zebaki. Kabla ya kufungua chupa, jiulize unatibu nini.

Bibi alikuwa na mtindi hafifu na subira nyingi. Sisi tuna asidi kali, subira hatuna. Biharusi wetu leo anatumia asilimia 5, mara moja kwa wiki, na uso wake umetulia, alhamdulillah.

Wabillahi tawfiq.