Ng'ombe wa Palenque

Hebu tuanze na neno moja: ng'ombe. Ukifika San Basilio de Palenque, kijiji kilicho kaskazini mwa Kolombia, kama kilomita 50 hivi kutoka jiji la bandari la Cartagena, utasikia wenyeji wakimwita yule mnyama anayetafuna nyasi kando ya njia "ngombe". Mtoto wanamwita "moná". Na wakitaka kusema wengi, wanatanguliza "ma": ma ngombe, ma moná. Sisi tunaosema jicho na macho, tunda na matunda, hapo hatuhitaji mkalimani.

Sasa usiseme ati Waswahili waliwahi kufika huko. Maneno haya yanahusishwa na Kikongo, ndugu ya Kiswahili katika ukoo wa Kibantu. Swali ni hili: yaliwezaje kuishi miaka 400 katikati ya nchi inayoongea Kihispania?

Jibu la kwanza ni ardhi yenyewe. Kolombia ndiyo nchi pekee ya Amerika Kusini yenye pwani kwenye Bahari ya Karibi na pia Bahari ya Pasifiki. Milima ya Andes ikiingia humo inagawanyika safu tatu, na Mto Magdalena unapita kati ya safu mbili kuelekea kaskazini. Bogotá, mji mkuu, uko mita 2,600 hivi juu ya bahari, sweta lazima. Cartagena ni joto na jasho. Kusini kuna msitu wa Amazon. Ndiyo maana nchi hiyo ina zaidi ya aina 1,900 za ndege, na hakuna nchi inayoishinda kwa ndege. Kila bonde lina maisha yake. Ardhi ya namna hiyo huficha ndege, na huficha watu pia.

Cartagena ilianzishwa na Wahispania mwaka 1533, ikawa mojawapo ya bandari kubwa za kuuzia Waafrika. Wengi walitolewa Kongo na Angola. Ukitembea leo kwenye ule mji wa kale, kuta zake nene na roshani zenye maua zinapendeza kweli, lakini kumbuka ni mali ya nani iliyolipia mawe yale, na ni mikono ya nani iliyoyabeba.

Si wote waliokubali. Karibu mwaka 1599 mtu aliyeitwa Benkos Biohó alitoroka na wenzake, wakapita vinamasi hadi kwenye vilima vya Montes de María. Walijenga makazi na kuyazungushia ua wa magogo. Ua huo kwa Kihispania ni palenque. Wanajeshi walishindwa kuwang'oa, gavana akalazimika kufanya amani nao. Amani haikudumu: Biohó alikamatwa, na mwaka 1621 akanyongwa. Lakini watu waliendelea kutorokea vilimani. Mwanzoni mwa karne ya 18, watawala walikubali kwa mapatano kwamba watu wa Palenque ni huru, zaidi ya miaka 100 kabla ya Kolombia kupitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1851.

Kwa hiyo bunduki hazikuiua lugha yao. Kilichokaribia kuiua ni kicheko. Katika karne ya 20 Wapalenque walipokwenda mjini na mashambani kutafuta kazi, walichekwa ati wanaongea Kihispania kibovu. Wazazi wakaanza kuwanyamazisha watoto. Kumbe ile ilikuwa lugha kamili: maneno mengi ya Kihispania, sarufi yake yenyewe na mizizi ya Kikongo.

Heshima ilirudi polepole. Mwaka 1972 kijana wa hapo, Antonio Cervantes, maarufu kama Kid Pambelé, alitwaa ubingwa wa dunia wa ndondi. Kijijini husimuliwa kwamba ngumi zake ndizo zilizoleta umeme. Baadaye lugha ikaingia darasani. Mwaka 2005 UNESCO ikautambua utamaduni wa Palenque kama urithi wa binadamu.

Ukipata nauli, nenda Oktoba, wakati wa tamasha la ngoma. Na huko Cartagena, ukiwaona wale akina mama wa Palenque wenye beseni za matunda kichwani, nunua tunda kwanza, kisha omba ruhusa ya kupiga picha.

Lakini hata usiposafiri, hadithi hii inatuhusu. Wengi wetu tuna wazazi waliovalishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kuongea lugha ya mama. Wengine wetu tukipigiwa simu na nyanya tukiwa kwenye matatu, tunajibu kwa sauti ya chini, tusisikike. Watu wa Palenque walitorokea vilimani kuokoa miili yao, na neno ng'ombe likaokoka pamoja nao. Sisi hakuna anayetufukuza. Tunanong'ona kwa sababu gani?