Uwezeshaji Uliokwama

Kurasa za biashara zimeshazoea "mikopo chechefu", madeni ambayo marejesho yake yamesimama kwa zaidi ya siku 90. Kwa benki ya kawaida, sawa. Kwa benki ya Kiislamu neno hilo linagoma tangu mwanzo, kwani kwenye murabaha hakuna mkopo. Benki hununua shehena ya saruji, ikaimiliki, kisha ikamuuzia mteja kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi, naye akalipa kidogo kidogo. Ndiyo maana wenyewe husema "uwezeshaji". Mkopo hasa ni karadha, nayo haina faida.

Waindonesia huupanga uwezeshaji wao kwa ngazi tano. Ya juu ni "lancar", yaani unaotiririka. Ya chini kabisa ni "macet". Hilo ni neno la barabarani: foleni ya magari Jakarta nayo ni macet. Nalipenda kwa kuwa halimtukani mtu. Gari lililo kwenye foleni si lazima liwe bovu.

Foleni yenyewe waliiona 1998. Rupia, iliyokuwa kama 2,400 kwa dola katikati ya 1997, ilishapita 10,000, na bei za bidhaa zikapanda kwa zaidi ya asilimia 70 ndani ya mwaka. Bei ya murabaha ikishafungwa haipandi, hata riba ya soko ipae vipi. Hata hivyo Bank Muamalat, benki ya kwanza ya Kiislamu nchini humo, ilijikuta zaidi ya asilimia 60 ya uwezeshaji wake umekwama. Rejesho linaweza kubaki lilelile. Mauzo ndiyo hukauka.

Fiqhi ina macho makali kuliko kalenda ya siku 90. Humtenga mdaiwa mwenye dhiki na mwenye uwezo anayezungusha. Wa kwanza, kwa aya ya 280 ya Al-Baqara, hupewa muhula mpaka apate wasaa. Wa pili anaweza kutozwa faini, lakini kwa viwango vya AAOIFI, taasisi ya huko Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, fedha hiyo huenda kwenye sadaka; benki hairuhusiwi kuihesabu kama faida.

Kwa hiyo mimi ningeandika "uwezeshaji uliokwama", na kando yake nichore safu ya pili kwenye fomu: umekwamishwa na nani, au na nini. Mkaguzi atapata asilimia yake kama kawaida. Afisa wa benki, kabla ya kupiga simu ya kudai, atalazimika kuuliza kwanza dukani kunauzwaje.