Mali bila daftari: shule za wilaya nchini Uganda na fedha zake

Utangulizi

Methali ya Waswahili inasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeichagua kuongoza makala hii kwa sababu inaeleza vizuri historia ya shule za msingi za umma katika wilaya za Uganda. Sisi walimu wa lugha tumezoea kujadili sarufi, fasihi na mitaala, lakini somo letu nalo huingia darasani kupitia bajeti. Hivyo ni vema tujue fedha za shule zilikotoka, zilikopita na zilikofika.

Kabla ya mwaka 1997

Shule za kwanza za kisasa nchini Uganda zilianzishwa na wamisionari. Serikali ya kikoloni iliunda Idara ya Elimu mwaka 1925, na hata baada ya hapo makanisa yaliendelea kubeba sehemu kubwa ya mzigo. Baada ya uhuru wa mwaka 1962, ripoti ya Tume ya Castle ya mwaka 1963 iliweka mkazo katika elimu ya sekondari, kwa kuwa taifa jipya lilihitaji watumishi haraka. Elimu ya msingi ilibaki nyuma.

Misukosuko ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ilidhoofisha mapato ya serikali. Wazazi ndio walioziokoa shule. Kupitia vyama vya wazazi na walimu walitoa michango ya kujenga madarasa, kununua chaki na hata kuwaongezea walimu mishahara. Kwa maneno mengine, shule ziliitwa za umma ilhali mlipaji mkuu alikuwa mzazi, na mtoto wa asiye nacho alibaki nyumbani.

UPE na ukuaji wa ghafla

Tume iliyoongozwa na Profesa Senteza Kajubi ilitoa ripoti yake mwaka 1989, na Waraka wa Serikali wa mwaka 1992 ukafuata. Miongoni mwa mengine, waraka huo ulielekeza elimu ya msingi iwafikie watoto wote, na Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima. Agizo la kwanza lilianza kutekelezwa mwaka 1997 kupitia mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, maarufu kama UPE, ambao mwanzoni ulihusu watoto wanne kwa kila familia. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 3.1 mwaka 1996 hadi milioni 5.3 mwaka 1997.

Mwaka huohuo Sheria ya Serikali za Mitaa iliikabidhi wilaya usimamizi wa shule za msingi. Hazina ilituma fedha wilayani, na wilaya ikazigawia shule. Kiwango cha awali kilikuwa shilingi 5,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu, na shilingi 8,100 kwa darasa la nne hadi la saba. Tupige hesabu. Shule yenye wanafunzi 300 wa madarasa ya chini na 300 wa madarasa ya juu ilistahili shilingi 3,930,000 kwa mwaka. Ukiacha mishahara, ambayo ililipwa na serikali kuu, fedha hizo zilitakiwa kutosha vitabu, michezo, ukarabati na uendeshaji. Viwango vimepandishwa baadaye, lakini bei nazo hazikusimama.

Fedha zilizopotea njiani

Kabla ya UPE tayari kulikuwa na ruzuku ya kila mwanafunzi. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walipochunguza shule 250 kwa kipindi cha 1991 hadi 1995, waligundua kwamba kwa wastani shule zilipokea asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo. Shule nyingi hazikupata chochote. Aidha, zile za jamii zenye uwezo zilipata zaidi, kwani wazazi wake walijua kudai.

Serikali ilichukua hatua ya kutangaza magazetini fedha zilizotumwa kila wilaya, yakiwemo matoleo ya lugha za wenyeji. Shule nazo zikatakiwa kubandika taarifa za mapato kwenye mbao za matangazo. Kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zikipokea zaidi ya asilimia 80. Wapo wanaosema, na tunaona wana hoja, kwamba si magazeti pekee yaliyoleta mabadiliko hayo, kwa sababu mfumo mzima wa fedha za serikali ulikuwa unarekebishwa wakati uleule. Hata hivyo, watafiti wale walionesha kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali magazeti yanapouzwa zilinufaika zaidi. Daftari lilipofunguliwa katika lugha ambayo watu wanaisoma, mali ilianza kuonekana.

Tatizo la wilaya ndogo

Wilaya zilikuwa 56 mwaka 2000, zikafika takriban 80 mwaka 2006, na leo zimepita 130. Kila wilaya mpya huhitaji ofisi ya elimu, wakaguzi na gari, wakati walipakodi ni walewale waliogawanywa. Kodi ya kichwa, iliyokuwa chanzo kikuu cha mapato ya ndani, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo wilaya ndogo hutegemea karibu kila kitu kutoka Kampala, na fedha nyingi hufika zikiwa zimekwisha pangiwa kazi. Wilaya inayotaka kuajiri mwalimu wa ziada au kununua vitabu vya somo jipya haina mfuko wake wa kuchotea.

Hitimisho

Hapa ndipo historia hii inapotugusa. Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973, kikaelekezwa shuleni mwaka 1992, kikawa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Tamko hata liwe zuri namna gani halinunui kitabu. Kama ruzuku ilivyoweza kuandikwa Hazina isifike darasani, ndivyo somo linavyoweza kuandikwa kwenye mtaala lisifike kwa mtoto.

Kwa hiyo tunawashauri walimu na wanafunzi wetu, hasa wanaokwenda mazoezi ya kufundisha, wasiishie kuuliza kama Kiswahili kimo kwenye ratiba. Waulize pia shule imetengewa nini kwa ajili ya vitabu vya Kiswahili, na kilichofika ni kiasi gani. Majibu yawekwe ubaoni, katika lugha ambayo mzazi anaweza kuisoma.