Pango au Handaki? Mgodi wa Kaolini wa Pugu na Historia Isiyo na Wachimbaji

Katika uhakiki tumezoea kumbana mwandishi: kwa nini ulichagua neno hili ukaacha lile? Safari hii tuibane historia. Katika milima ya Pugu, wilayani Kisarawe, kuna mahandaki yaliyochimbwa na watu waliokuwa wakifuata udongo mweupe uitwao kaolini. Uliza njia ya kwenda huko. Utaelekezwa kwenye "mapango ya popo". Mapango, jamani! Pango hutobolewa na maji na miaka. Handaki lina sururu, karai na mgongo wa mtu. Neno moja tu, na mvujajasho amefutwa kwenye hadithi yake mwenyewe.

Jina la kaolini nalo lina safari yake. Limetokana na Gaoling, mahali karibu na Jingdezhen huko China, mji wa mafundi wa kaure. Na kaure tunaijua sisi watu wa Pwani. Ilifukuliwa Kilwa, makaburi ya Kunduchi yalipambwa kwa sahani zake. Yaani kwa karne nyingi tulinunua kwa mbali chombo ambacho malighafi yake ililala chini ya miguu ya Wazaramo. (Wanauchumi walete nadharia zao hapo, mimi napita.)

Kaolini ya Pugu haikai peke yake. Imeshikamana na chembe za mchanga katika mwamba mweupe, laini kiasi. Mwamba huvunjwa, kisha huoshwa kwa maji: mchanga unazama, kaolini inabaki ikielea, halafu inaachwa itue na kukaushwa. Hutumika katika vyombo vya kauri, rangi, na karatasi nyeupe ya kuchapia, hii tunayoandikia mashairi. Lakini mchanga huo ukivunjwa kikavu ndani ya handaki hutoa vumbi linaloharibu mapafu taratibu, miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Popo wanaotoka humo magharibi kwa maelfu hawaachi kupigwa picha. Kikohozi hakipigwi picha.

Nani alianza kuchimba? Simulizi inayopendwa na waongozaji wa wageni inawataja Wajerumani, basi. Baada ya Uhuru, STAMICO ilipoundwa mwaka 1972, kaolini ya Pugu iliingia katika miradi ya madini ya umma. Mwenye mgodi anabadilika, naye anatajwa kila mara. Mchimbaji habadiliki: hatajwi.

Mtu asiseme eti eneo lote halikuandikwa. Misheni ya Wabenediktini ya Pugu ilishambuliwa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, na habari zake zimo vitabuni. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilikata milima hiyo hiyo, ikafika Morogoro 1907. Ina tarehe zake. Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu hadi 1955, alipoacha kazi kwa ajili ya TANU. Ukienda Kibaha, kituo kilichojengwa na nchi za Nordiki kuanzia 1963 kina kumbukumbu za kutosha tangu kuanzishwa hadi kukabidhiwa serikali mwaka 1970. Wamisionari, reli, viongozi, wafadhili: wote wana mwandishi.

Fasihi yetu ilishaonyesha kwamba kazi ngumu inaweza kuwa kitovu cha riwaya. Wapagazi wa bandari ya Zanzibar walipata *Kuli* ya Shafi Adam Shafi, mwaka 1979. Mchimbaji wa Pugu bado anangoja yake.

Kuna watakaosema neno "mapango" ni la utalii tu, halina madhara. Sikubali. Mahali pakishaitwa pango, wageni huulizia mizimu na popo. Hakuna anayeulizia mshahara. Wanafunzi wa fasihi simulizi tunapelekwa mbali kukusanya ngano, na Kisarawe ni mwendo wa daladala. Twende na maswali ya kawaida kabisa: taa ilikuwa ya aina gani, zamu ilianza saa ngapi, nani alifua zile nguo nyeupe, na waliimba nini wakisukuma mzigo kutoka ndani.