Barabara ya Mkulima: Tarehe ya Baiskeli Katika Vilima vya Manga

Mtu atakaye kuijua tarehe ya baiskeli katika nchi ya Wagusii asianzie dukani. Na asimame asubuhi chini ya mteremko wa Manga, pale barabara ya udongo mwekundu inapoanza kuukwea ukingo, amtazame mwanamume anayesukuma baiskeli iliyobeba mikungu minne ya ndizi: miwili imening'inia huku na huku ya gurudumu la nyuma, mmoja umelazwa juu ya keria, na wa nne umefungwa juu yake kwa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu. Mkono mmoja u juu ya usukani, wa pili u nyuma ya tandiko, na kifua kimeinama kuuelekea mlima. Hapandi, anasukuma, na katika kusukuma huko mna nusu ya habari ninayotaka kuieleza.

Manga ni ukingo mrefu wa majabali ulioinuka baina ya mji wa Kisii na Nyamira, na siku ya uwazi aliye juu yake huona hata maji ya Ziwa Victoria upande wa machweo. Masimulizi ya wazee huuhesabu miongoni mwa makao ya kale ya Wagusii, baada ya kutoka nyanda za Kano na kupita Kabianga. Na njia za zamani hizo zilifuata migongo ya vilima, kwa kuwa mabondeni palikuwa na matope na mito. Njia hizo za miguu ndizo mama wa barabara nyingi tuzionazo leo.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1907 serikali ya Waingereza ikaweka kituo chake Kisii. Shehena zikawa zavuka ghuba ya ziwa kwa meli hadi Kendu Bay, kisha zapandishwa vilimani kwa vichwa na mabega ya watu. Sheria ya mwaka 1912 iliwapa machifu amri ya kuwaita raia kazini, na barabara zikachimbwa kwa jembe, aghalabu bila ya ujira. Wakatoliki walikwishafika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafuatia Nyanchwa mwaka 1912. Na kama ilivyokuwa kote Afrika ya Mashariki, waliotangulia kumiliki baiskeli walikuwa ni watu wa kalamu na Kitabu: makarani, walimu na wahubiri. Kwao baiskeli ilikuwa chombo na hadhi kwa pamoja, ikifutwa vumbi kila jioni na kulazwa ndani ya nyumba.

Lakini chombo hicho hakikuundwa kwa ajili ya nchi kama hii. Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa ilitengenezwa Uingereza mwaka 1885, na tairi ya upepo ya Dunlop ikaja mwaka 1888. Na zile nyeusi, nzito, za takriban kilo 20, ambazo Wakenya wameziita blakimamba, zina gia moja tu, iliyopimwa kwa ardhi tambarare. Ndiyo maana katika nyanda za Kano baiskeli ilitawala, ilhali Manga ilibidi ijifunze kazi nyingine, kazi ya punda. Huku mtu hupanda mlima kwa kushuka baiskeli, kisha hupanda baiskeli ili aushuke mlima. Na mteremko ukiwa mkali hata breki zikashindwa, huukaza wayo wa kiatu juu ya tairi mpaka mpira ukanuka moto.

Hata hivyo, mlima uliomnyima mpanda baiskeli raha ndio uliomzalishia barabara. Katika miaka ya 1930 Wagusii walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuruhusiwa kulima kahawa, zao ambalo hapo kabla lilikuwa milki ya walowezi. Na baada ya uhuru, shirika la chai la KTDA lilipoundwa mwaka 1964, chai ya wakulima wadogo ilienea vilimani. Na jani la chai halingoji: likichumwa asubuhi, sharti lifike kiwandani siku ile ile, ama litaharibika. Kwa hiyo kila kilima kikahitaji kituo cha kununulia majani, na kila kituo kikahitaji barabara, hata nchi ikashonwa kwa vijia vyembamba vipitavyo baina ya chai, migomba na mikaratusi, ambamo gari hupita mara chache kwa siku.

Hapa nawaomba wasomaji waitazame Ufaransa kidogo. Wapenda baiskeli wa dunia nzima huzisifu barabara zake ndogo za mashambani, zilizo kimya. Hazikujengwa kwa ajili yao: sheria ya mwaka 1836 ilikilazimu kila kijiji kuzitunza njia zake ili mazao ya mkulima yafike sokoni, na mashindano ya Tour de France hayakuanza mpaka 1903. Mkulima alitangulia, mpanda baiskeli akarithi. Nasi tunao urithi wa namna hiyo hiyo, ila hatujaupa jina lake.

Sikusudii kuyafumbia macho yaliyobadilika. Boda boda ilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda kama kazi ya kubeba abiria kwa baiskeli, ikaenea magharibi yote. Kisha mwaka 2008 serikali ikaziondolea kodi pikipiki ndogo, na vijana wakaziacha pedeli. Ni haki yao, kwani mlima haukuwahurumia. Lakini baiskeli haikufa. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundishwa na David Kinjah katika barabara za Kikuyu, alishinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Na mwaka 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, mji wa vilima kama vyetu. Baiskeli za leo zina gia nyingi, na mlima uliokuwa adui umekuwa ndio utamu wenyewe.

Basi kwa wakuu wa Nyamira na Kisii nina ombi moja. Izibueni mitaro ya barabara hizi kabla ya masika, tieni changarawe palipotafunwa na maji, na palipo na lami mwachieni mwenye baiskeli nafasi ya kupita pembeni. Mgeni atakayekuja kwa raha atanufaika, naam. Lakini atakayenufaika wa kwanza ni yule mwanamume wa mikungu minne, ambaye kesho alfajiri atakuwa tena chini ya mteremko wa Manga, akisukuma.